A River Runs Through It: filamu ya uvuvi inayoutanguliza mto mbele ya samaki

Filamu nyingi za uvuvi hushindwa kwa sababu moja: zinamtaka samaki mapema mno. Kamera humfuata mvuvi mpaka mtoni, ikamwonyesha akirusha mshipi mara mbili tatu, kisha ikakimbilia ufito uliopinda, samaki anayeruka na tabasamu la mtu aliyemkumbatia samaki wake mbele ya lenzi. Mtazamaji anayeijua kazi hiyo huburudika kwa dakika chache, na asiyeijua hubaki akijiuliza kwa nini mtu mzima asimame majini kutwa nzima kwa ajili ya samaki ambaye, mara nyingi, humrudisha mtoni akiwa hai. A River Runs Through It, filamu iliyoongozwa na Robert Redford na kutolewa mwaka 1992, inalijibu swali hilo kwa muda wa dakika 123, na kwa maoni yangu haijapata mshindani katika miaka zaidi ya 30 iliyopita tangu itoke.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Huko Missoula, mji wa jimbo la Montana kaskazini-magharibi mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mchungaji wa Kanisa la Presbiteri anawalea wanawe wawili, Norman na Paul, kwa Biblia na kwa ufito wa kuvulia, na kwa kiwango kilekile cha ukali katika yote mawili. Norman, aliye mkubwa, ni mtulivu. Anakwenda kusoma katika chuo cha Dartmouth upande wa mashariki, anarudi baada ya miaka sita na kumpenda msichana aitwaye Jessie Burns. Paul anabaki Montana, anakuwa mwandishi wa gazeti mjini Helena, mlevi, mcheza kamari, mgomvi, na mvuvi asiye na mfano. Familia inamwona akipotea na haijui imshike wapi, kwa kuwa kila anayenyoosha mkono wa msaada hukataliwa kwa upole na kwa tabasamu. Mwishoni anauawa. Sehemu kubwa ya simulizi hii ilitokea kweli: Norman Maclean, aliyefundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliiandika baada ya kustaafu, na kitabu chake kilitolewa na idara ya uchapishaji ya chuo hicho mwaka 1976, mwandishi akiwa ameshavuka umri wa miaka 70. Alifariki mwaka 1990, kabla filamu haijaanza kupigwa.

Sharti nieleze kidogo uvuvi unaozungumziwa, yaani uvuvi wa kutumia nzi bandia kama chambo, kwa kuwa wengi wetu tumekua tukiujua uvuvi wa mshipi wa namna nyingine. Mvuvi wa pwani au wa ziwani hufunga chubwi karibu na ndoana, na uzito wa chubwi ndio unaoupeleka mshipi mbali na kuuzamisha. Nzi bandia, aliyetengenezwa kwa manyoya ya ndege, nywele za mnyama na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana ndogo, hana uzito wa kutosha kurushwa hata hatua chache. Kwa hiyo katika uvuvi huu kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito wake, na nzi hufuata tu, akiwa ameunganishwa kwa uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi majini. Mvuvi huuvuta mshipi nyuma kwa ufito, husubiri ujinyooshe hewani nyuma ya mgongo wake, kisha huusukuma mbele. Akifanya haraka, mshipi unalia na nzi anakatika. Akichelewa, unaanguka vichakani nyuma yake. Na hata akirusha vizuri, nzi lazima aelee kwa mwendo uleule wa maji, kwa sababu trauti, samaki anayejibanza nyuma ya jiwe huku ameelekea upande mkondo unakotoka, humtambua upesi mdudu anayekokotwa na uzi. Kazi yote hii hufanyika kabla ya samaki kuonekana, na mara nyingi hufanyika pasipo samaki kuonekana kabisa. Filamu isiyoweza kuifanya sehemu hiyo ya kazi ivutie haina la kusema kuhusu uvuvi huu.

Redford aliufahamu ukweli huo, na ndiyo maana somo la kwanza katika filamu yake ni somo la mapigo. Mchungaji Maclean, anayeigizwa na Tom Skerritt, anawafundisha wanawe kurusha mshipi kwa kufuata metronomu, kile kifaa ambacho wanafunzi wa piano hukitumia kushika mwendo wa muziki. Mapigo ni manne, na ufito hauruhusiwi kutoka nje ya nafasi iliyopo kati ya namba 10 na namba 2 kwenye uso wa saa. Watoto wanahesabu na baba anasahihisha. Katika sehemu hiyohiyo ya filamu tunamwona Norman mdogo akipeleka insha kwenye chumba cha baba yake, akirudishiwa na kuamriwa aifupishe ibaki nusu. Anaifupisha, anaamriwa tena hivyohivyo, na hatimaye, insha ikiwa imekwisha kukamilika, anaambiwa aitupe. Ndipo anapopewa ruhusa ya kwenda kuvua. Mwalimu wa zamani wa ushairi wetu, anayemlazimisha mwanafunzi kuhesabu mizani na kuchunga vina kabla ya kumruhusu kutunga lake, angemtambua mchungaji huyu mara moja. Kwa dakika chache tu, bila maelezo marefu, mtazamaji ambaye hajawahi kushika ufito anakuwa na kipimo cha kumpimia kila mvuvi atakayemwona baadaye.

Kipimo hicho kinafanya kazi pale Norman anaporudi kutoka chuoni na ndugu hao wawili wanakwenda mtoni pamoja. Norman anarusha kama alivyofundishwa, kwa mapigo manne, vizuri na bila kasoro. Paul, anayeigizwa na Brad Pitt akiwa bado kijana asiyejulikana sana, anapanda juu ya mwamba katikati ya maji na kuanza kurusha kwa namna ambayo baba yake hakuifundisha. Mshipi unazunguka juu yake mizunguko mipana, unashuka mpaka karibu kabisa na uso wa maji, unapanda tena bila kugusa, na nia yake ni kuwafanya trauti walioko chini waamini kwamba wadudu wanaibuka kwa wingi na kuruka juu yao. Jua liko nyuma yake, hivyo kila mzunguko wa mshipi unang'aa, na matone yanayotoka kwenye mshipi yanaonekana moja moja. Kaka anasimama na kutazama, na sauti ya msimulizi inatueleza kwamba mdogo wake ameacha mapigo ya baba na kupata ya kwake. Hapo tumeambiwa kila kitu kuhusu Paul: uzuri wake, ukaidi wake, na sababu ya kwamba hakuna atakayeweza kumrudisha kwenye mstari. Wavuvi wenye uzoefu wamebishana kama urushaji wa namna hiyo una faida yoyote mbele ya samaki halisi. Mimi naona ubishi huo hauipunguzii filamu chochote, maana tukio hilo linamweleza mtu, na linamweleza kwa kitendo cha uvuvi wenyewe badala ya kumwekea maneno mdomoni.

Wakati huohuo, tukio hilo lisingekuwa na nguvu kama urushaji ungekuwa wa kuigiza. Waigizaji walifundishwa, na katika picha za mbali zinazohitaji ustadi mkubwa alisimama Jason Borger, mrushaji hodari, ambaye ndiye tunayemwona juu ya mwamba ule. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mtu anayeijua kazi huvumilia mengi katika filamu, lakini havumilii mikono inayodanganya. Baharia humcheka mwigizaji anayeshika usukani ovyo, na mvuvi vivyo hivyo. Kinachostahili sifa zaidi ni kwamba kamera haikati. Urushaji unaanza, unakwenda, unamalizika, na macho yetu yanapata muda wa kuufuata mshipi kutoka kwenye ncha ya ufito mpaka nzi anapotua. Video nyingi za uvuvi zinazotengenezwa sasa huukata mrusho mmoja vipande vitano, zikaongeza muziki mzito na picha za droni, na mwishoni mtazamaji hajauona hata mrusho mmoja uliokamilika.

Mpiga picha mkuu alikuwa Philippe Rousselot, Mfaransa, naye alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hii. Ninapoitazama upya, ninachokiona si mandhari ya kupendeza ya kuuzia kalenda. Rousselot ameyatofautisha maji. Kuna maji ya kina yenye rangi ya kijani kibichi pembeni mwa mkondo, kuna maji mafupi yanayochemka juu ya changarawe, kuna ule mstari mwembamba wa povu unaotenganisha mkondo wa kasi na maji yaliyotulia, ambako mvuvi yeyote angemtafuta trauti kwanza. Mtazamaji makini hujifunza kuyasoma maji bila kutambua kwamba anafundishwa. Sauti nayo imepewa nafasi yake: mto unasikika karibu na mbali kwa namna tofauti, na muziki wa Mark Isham mara nyingi unanyamaza pale mshipi unapoanza kupita hewani.

Hata hivyo, kuna pengo hapa ambalo linanikera kila mara. Kitabu kinaeleza kwa kina namna mvuvi anavyofikiri: jua liko wapi, kivuli kinaanguka wapi, mdudu gani anaibuka saa hii, nzi yupi atolewe kwenye kisanduku na kwa nini. Filamu imeyapitia mambo hayo kwa haraka. Paul anatamka kwamba anahitaji miaka mingine mitatu ili aweze kufikiri kama samaki, na kauli hiyo ni nzuri, lakini tungependa kumwona akifikiri. Tukio moja tu la dakika tatu, mvuvi akikosa samaki, akikaa juu ya jiwe, akiyachunguza maji, akibadilisha nzi na kujaribu tena, lingewapa watazamaji wasio wavuvi ufunguo wa shauku yote hii. Redford aliogopa kuwachosha watazamaji, na kwa hofu hiyo akauacha upande wa akili wa uvuvi nyuma ya upande wa uzuri.

Samaki mkubwa anakuja karibu na mwisho, na namna alivyocheleweshwa ni mfano kwa kila mtengenezaji wa filamu ya uvuvi. Baba na wanawe wawili wako mtoni pamoja kwa mara ya mwisho. Paul anamnasa trauti mwenye nguvu, samaki anateremka na mkondo, na Paul anaingia majini akamfuata, akaburutwa kwenye maporomoko madogo, kichwa kikizama na kuibuka, mkono mmoja tu ukionekana juu ya maji ukiwa umeushikilia ufito. Wale wawili wa ufukoni hawawezi kumsaidia; wanatazama tu. Anatoka na samaki wake, anacheka, anapigwa picha. Kwa kuwa tumengoja karibu saa mbili, na kwa kuwa tumeijua hatari iliyomo ndani ya kijana huyu, samaki huyo ana uzito ambao mizani ya sokoni haiupimi. Muda mfupi baadaye Norman anapewa habari za kifo cha ndugu yake na kuzipeleka nyumbani. Anawaambia wazazi kwamba karibu mifupa yote ya mkono wa Paul ilivunjwa, na baba anataka kujua ni mkono upi. Ni wa kulia. Hakuna anayeeleza maana ya swali hilo, wala hakuna haja, kwa sababu tumeutazama mkono huo ukifanya kazi tangu filamu ilipoanza. Filamu ambayo imeonyesha uvuvi kwa uvumilivu wa kutosha inaweza kumuumiza mtazamaji kwa maneno machache kiasi hicho.

Kasoro nyingine zipo na sitazificha. Wanawake wamepewa nafasi finyu: mama, anayeigizwa na Brenda Blethyn, anabaki jikoni na mezani, na Mabel, mpenzi wa Paul mwenye asili ya wenyeji wa Marekani, anaonekana kwa muda mfupi tu kama alama ya ukaidi wa Paul dhidi ya ubaguzi wa mji, bila kupewa maisha yake mwenyewe. Sehemu ya Neal, ndugu yake Jessie anayekuja kuvua na mkebe wa minyoo, akalewa na kuungua na jua, imerefushwa kupita thamani yake, ingawa inasaidia kuonyesha dharau ya familia ile kwa mtu asiyeuheshimu mto. Usimulizi, ambao Redford aliusoma mwenyewe, ni wa lugha nzuri iliyotoka kitabuni, lakini mara kadhaa unaeleza jambo ambalo picha ilikwisha kulisema.

Jambo moja halimo kabisa katika filamu hii, nalo ni mtu anayemtengeneza nzi. Kwa hilo inabidi kuitafuta Kiss the Water, filamu ya hali halisi iliyoongozwa na Eric Steel na kutolewa mwaka 2013, inayomhusu Megan Boyd, mwanamke aliyeishi kwenye nyumba ndogo huko Sutherland, kaskazini mwa Uskochi, akifunga nzi wa kuvulia samoni mpaka sifa zake zikafika kwenye familia ya kifalme ya Uingereza. Alifariki mwaka 2001. Yeye mwenyewe hakuwa mvuvi. Filamu hiyo inachanganya mazungumzo ya watu waliomjua, mandhari ya mito na michoro ya rangi inayotembea, na pale inapomwonyesha fundi akifunga nzi, hatua kwa hatua, unyoya juu ya unyoya, uzi ukikazwa kwa vidole, ninaona uvumilivu uleule ninaousifu kwa Redford.

Nimeitaja kwa sababu jambo hilo linatuhusu kwa karibu. Nchini Kenya, ambako trauti waliletwa kutoka Uingereza na kutiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare mwaka 1905, ufungaji wa nzi bandia umekuwa ajira kwa miongo mingi. Mafundi, wengi wao wanawake, hukaa mbele ya kibano kidogo mezani na kufunga nzi wanaosafirishwa kwenda kuuzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani. Inawezekana kabisa kwamba mvuvi anayesimama leo katika mto wa Montana ana kisanduku kilichojaa kazi ya mikono ya Kenya. Hiyo ni filamu ambayo ningelipa kiingilio kuitazama, ikitengenezwa na mtu mwenye subira ya kuiacha kamera juu ya vidole hivyo, kisha kumfuata nzi mpaka majini.

Kuna ukweli mwingine wa kusema kuhusu mto wa kwenye filamu. Hadithi inatokea kwenye mto Blackfoot, lakini matukio mengi ya uvuvi yalipigwa kwenye mito mingine ya Montana, hasa Gallatin, kwa kuwa Blackfoot ulikuwa umeharibiwa na uchafu wa migodi na ukataji wa misitu. Sioni kosa katika kubadilisha mto. Mtazamaji anataka maji yaliyo hai, na maji yaliyo hai alipewa. Bali filamu yenyewe inanyamaza kabisa kuhusu uharibifu huo, na ukimya wake ungeweza kuwafanya watu waamini kwamba mito ya namna ile ipo tu na itakuwapo daima. Kwa bahati njema matokeo yalikuwa ya heri zaidi. Umaarufu wa kitabu na filamu uliongeza nguvu kwa wakazi, wafugaji na wavuvi wa bonde lile waliokuwa wakidai mto wao usafishwe. Mwaka 1993 walianzisha umoja wao uitwao Blackfoot Challenge, na mwaka 2008 bwawa la Milltown, lililokuwa limeziba njia ya samaki pale Blackfoot unapokutana na mto Clark Fork, lilibomolewa. Upande wa pili, mito ya Montana ilipata wageni wengi kuliko ilivyozoea, na wenyeji wengine wanailaumu filamu mpaka leo kwa msongamano wa mashua na magari. Lawama hiyo ina haki yake.

Kwa anayetaka kuitazama, ushauri wangu ni huu. Tumia skrini kubwa kadiri inavyowezekana, kwa sababu kwenye simu mshipi hauonekani, na filamu hii bila mshipi imepoteza nusu ya maana yake. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, maana lugha ya msimulizi ni ya kifasihi na inapita haraka. Kwa familia, inafaa watoto wakubwa kidogo: ugomvi upo, pombe ipo, kuna tukio fupi la utupu katika sehemu ya Neal, na mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Mwenye nia ya kujifunza kurusha mshipi atafute video za mafunzo, kwani hapa hatapata maelekezo ya kutosha. Anayetaka kuona samaki wengi wakubwa kwa muda mfupi naye atafute kwingine. Wengine wote naipendekeza kwao bila kusita, na Kiss the Water itazamwe usiku unaofuata.